Usalama na afya: Je, soseti za vidole zinazuia malengelenge?



Leo ukurasa wetu unashuka chini kabisa, mpaka kwenye vidole vya miguu. Msicheke. Miguu ndiyo inatupeleka kazini na ndiyo inaturudisha nyumbani.

Kila munganga wa dispensari anajua mazungumzo haya. Papa mumoja anaingia akichechemea, buti moja mukononi.

— Papa, kuna nini?

— Munganga, si kitu. Ni lengelenge tu. Unipake dawa nirudi kazini.

— Lilianza lini?

— Leo siku ya nne.

— Na siku ya kwanza ulifanya nini?

— Nilitembea nalo. Mwanaume mukubwa atalia juu ya lengelenge?

Neno hilo, "lengelenge tu", limeharibu miguu mingi. Sikilizeni habari ya kweli. Mwaka 1924 Rais wa Marekani alikuwa Calvin Coolidge. Alikuwa na mutoto aliyeitwa Calvin kama baba yake, kijana wa miaka 16, muzima wa mwili. Tarehe 30 Juni kijana huyo alicheza tenisi akiwa amevaa viatu bila soseti. Akapata lengelenge kwenye kidole cha muguu. Hakulijali. Vijidudu vikapita pale, vikaingia katika damu. Wanganga wakubwa wa inchi ile walimuhangaikia mchana na usiku, lakini wakati ule penisilini ilikuwa haijapatikana bado. Tarehe 7 Julai kijana alikufa. Ilikuwa siku ya nane tu tangu mucheza ule.

Leo tuna dawa ambazo watu wa wakati ule hawakuwa nazo. Lakini dawa inamusaidia yule anayefika mapema. Na lililo bora zaidi ni kutopata lengelenge hata kidogo.

SWALI LA VIJANA WETU

Vijana wanaofanya mbio na wale wanaopanda milima wameona soseti za namna nyingine. Soseti hizo zina vyumba vitano, chumba kimoja kwa kila kidole, kama vile glovu ya mikono. Wanauliza: "Zinazuia malengelenge kweli? Na sisi tunaovaa mabuti ya kazi, zitatufaa?"

Jibu letu fupi ni hili: soseti za vidole zinasaidia mahali pamoja, yaani katikati ya vidole. Kwa kisigino, kwa unyayo na kwa upande wa muguu, hazina nguvu kuliko soseti nyingine nzuri. Kwa hiyo kabla ya kutoa franga zako, uliza kwanza: lengelenge langu linatokea wapi?

Tueleze sababu.

LENGELENGE NI KITU GANI?

Watu wengi wanafikiri kwamba kiatu kinakwaruza ngozi juu juu, kama vile musasa unavyokwaruza ubao. Kukwaruzwa hivyo kunaleta muchubuko. Lengelenge linaanza ndani.

Fanya jaribio hili pale ulipoketi. Weka ncha ya kidole cha mukono wa kuume juu ya ngozi ya nyuma ya mukono wa kushoto. Kandamiza kidogo, halafu sukuma kidole mbele na nyuma bila kukiacha kiteleze. Unaona? Kidole na ngozi vinakwenda pamoja, lakini mufupa wa chini unabaki mahali pake. Ngozi ya katikati inavutwa.

Ndani ya kiatu ni vile vile. Ngozi inashikwa na soseti, soseti inashikwa na kiatu, lakini mufupa unakwenda mbele na kurudi nyuma kwa kila hatua. Mutu anayetembea zamu nzima anapiga hatua maelfu. Tabaka za ngozi zinavutwa, zinachoka, mwishoni zinaachana kwa ndani. Maji ya mwili yanajaza nafasi ile. Hilo ndilo lengelenge.

Ndiyo maana linapenda mahali ambapo ngozi ni nene na imeshikana sana na nyama ya chini, kama vile unyayo, kisigino na vidole. Ndiyo maana pia halipendi ngozi kavu. Mwaka 1955 mutafiti Naylor wa Uingereza alionyesha kwamba ngozi yenye unyevu inashika zaidi kuliko ngozi kavu. Mutu anayetoka jasho ndani ya buti, au aliyeingiza maji ndani yake, ngozi yake inashikwa sana na soseti, na mufupa unazidi kuivuta.

Basi kuna mambo matatu ya kupiganisha: unyevu, kuvutwa kwa ngozi, na hatua nyingi bila kupumzika.

SOSETI ZA VIDOLE ZINAFANYA NINI?

Angalia vidole vyako. Katika soseti ya kawaida, vidole vitano vinalala pamoja kama watoto katika kitanda kimoja. Ngozi inagusa ngozi. Jasho linakaa katikati bila njia ya kutoka. Kama kidole kimoja kimepinda au kimelala juu ya mwenzake, kila hatua ngozi moja inavuta nyingine, na lengelenge linatokea pale.

Soseti ya vidole inaweka kitambaa katikati. Ngozi haigusi ngozi tena, na kitambaa kinanywa jasho. Kwa hiyo mutu ambaye malengelenge yake yanatokea katikati ya vidole, au kwenye kidole kidogo kinachobanwa na mwenzake, ana sababu nzuri ya kuzijaribu. Wakimbiaji wa mbio ndefu na watembezi wa milima wanaozisifu, mara nyingi ni watu wa namna hiyo.

Kutenga vidole si jambo jipya, na si jambo la wachezaji peke yao. Wajapani wana soseti ya zamani inayoitwa tabi, ambayo inatenga kidole gumba na vidole vingine. Mwaka 1923 Ishibashi Shojiro wa muji wa Kurume alianza kuuza tabi zenye unyayo wa mupira, na wafanyakazi wengi wa Japani walizivaa. Yeye ndiye aliyeanzisha mwaka 1931 kompani ya matairi ya Bridgestone. Lakini tuseme kweli: tabi zile zilipendwa kwa sababu zinashika chini vizuri na hazichakai upesi. Hazikutengenezwa kuwa dawa ya malengelenge.

HAZISAIDII WAPI?

Kwanza, kwenye kisigino. Kule nyuma hakuna kidole. Soseti ya vidole na soseti ya kawaida ya kitambaa kimoja ni sawa. Kama kisigino chako kinapanda na kushuka ndani ya buti, ugonjwa uko kwenye buti au kwenye kamba.

Pili, chini ya unyayo. Pale mufupa unavuta ngozi vile vile, vidole vikiwa vimetengwa au havikutengwa.

Tatu, katika kiatu chembamba. Soseti ya vidole inaongeza kitambaa katikati ya vidole vyote, na hiyo inapanua mbele ya muguu. Buti la usalama lina chuma mbele, na chuma hakitanuki kama ngozi. Mutu akivaa soseti za vidole ndani ya buti linalombana tayari, vidole vitabanwa zaidi. Atakuwa amenunua lengelenge kwa franga zake mwenyewe.

Nne, kama mushono umekaa vibaya. Soseti hizi zina mishono mingi. Kidole kisipofika mwisho wa chumba chake, kitambaa kinajikunja, na mukunjo ni kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Kuzivaa kunataka uvumilivu. Usizivae mbio mbio wakati gari la wafanyakazi linapiga honi.

WATAALAMU WAMEJARIBU NINI?

Majaribio yanayojulikana zaidi kuhusu soseti na malengelenge yalihusu kitambaa na namna ya kuvaa. Hayakuhusu vyumba vya vidole. Nayo yanatufundisha mengi.

Mwaka 1990 wanganga wa miguu wawili wa Marekani, Herring na Richie, walijaribu soseti kwa wakimbiaji 35. Soseti za akriliki zilileta malengelenge machache na madogo kuliko soseti za pamba. Sababu ni kwamba pamba inanywa jasho na kulishika, nayo inabaki imelowa juu ya ngozi. Lakini mwaka 1993 walirudia na soseti za kawaida, na tofauti ikapotea. Maana yake kitambaa peke yake hakitoshi. Unene wa soseti na namna ilivyofumwa ni kitu pia.

Katika jeshi la Marekani, mutafiti Knapik na wenzake walichunguza askari wapya wanaotembea na mizigo. Mwaka 1996 waliandika kwamba askari waliovaa soseti nyembamba ya poliesta chini ya soseti nene walikwenda kwa munganga mara chache zaidi juu ya malengelenge. Soseti mbili zinateleza moja juu ya nyingine, na ngozi inapata nafuu.

Mwaka 1998 walijaribu tena dawa ya kukausha jasho, kwa wanafunzi wa chuo cha jeshi cha West Point waliotembea kilometa 21. Katika wale walioipaka vizuri, watu 21 kwa 100 walipata malengelenge. Katika wale waliopaka kitu kisicho na dawa ile, walikuwa 48 kwa 100. Ni matokeo mazuri, lakini watu 57 kwa 100 wa dawa ile walipata muwasho wa ngozi. Ndiyo maana hatuishauri kwa kila mutu.

Na mwaka 2016 wanganga wengine walitoa habari ya wakimbiaji 128 waliokimbia mbio za kilometa 250 zilizogawanywa kwa siku kadhaa. Walibandika sparadra nyembamba ya karatasi mahali ambapo mukimbiaji alizoea kupata malengelenge, kabla ya kuanza. Malengelenge yalipungua kwa 40 kwa 100. Sparadra ile ni kitu cha bei ndogo.

Wengine watasema: "Mbona Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda bila kiatu?" Ni kweli. Tarehe 10 Septemba 1960 huko Roma alikimbia maratoni miguu mitupu, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Lakini miguu yake ilikuwa imezoea muda murefu, na ngozi yake ilikuwa imekomaa. Mwaka 1964 huko Tokyo alishinda tena, na safari hii alikuwa amevaa viatu na soseti. Kazini, buti la usalama haliachwi nyumbani kwa sababu ya lengelenge. Jiwe linaloanguka haliulizi kama muguu wako unauma.

SISI TUFANYE NINI?

1. Pima buti lako jioni. Jioni muguu umevimba kidogo, kama vile unavyokuwa mwishoni mwa zamu. Simama, ukiwa umevaa soseti unazovaa kazini. Vidole viweze kucheza, kisigino kisiweze kupanda. Kama buti si la kipimo chako, mwambie sefu wako wa ekipe mapema. Usingoje muguu uoze.

2. Zoeza buti jipya. Livae nyumbani saa moja, kesho saa mbili. Usiliingie siku ya kwanza kwa zamu nzima.

3. Funga kamba vizuri. Kamba iliyolegea inaacha muguu uende mbele kila unapoteremka, na vidole vinagonga chuma. Hata watembezi wa milima wanaumia vidole zaidi wakati wa kuteremka kuliko wakati wa kupanda.

4. Chukua soseti za pili katika mufuko. Saa ya kula, vua buti, futa miguu, katikati ya vidole pia, halafu vaa soseti kavu. Dakika tano hizo zina faida kuliko soseti ya bei kubwa inayolowa mpaka jioni.

5. Ukisikia mahali panapata moto, simama. Moto ule ndio lengelenge linalobisha hodi. Bandika sparadra pale pale, bila mukunjo. Baada ya saa moja utakuwa umechelewa.

6. Usitegemee mafuta ya vazelini kwa zamu nzima. Mwanzoni yanateleza, lakini baada ya saa chache ngozi inaweza kushika zaidi kuliko mbele.

7. Ninyi mnaofanya kazi ya moto, penye shaba inayoyeyuka au penye kusoda, muwe na akili. Nailoni, poliesta na akriliki zinayeyuka zikipata moto, zinagandamana na ngozi. Vaa soseti zile zilizokubaliwa kwa kazi yako, kama za sufu. Soseti ya mukimbiaji ibaki kwa mbio za asubuhi.

8. Kama unataka soseti za vidole, nunua jozi moja tu. Zijaribu siku ya mapumziko, katika viatu vyenye nafasi. Zikikufaa, ongeza.

KWENU NYUMBANI

Soseti chafu yenye jasho lililokauka inakuwa ngumu na inakwaruza. Ifueni kila siku, mukiigeuza ndani nje. Isuuzeni mpaka sabuni iishe, kisha ianikeni juani. Soseti za vidole zinataka kugeuzwa kidole kwa kidole, kwa sababu uchafu unabaki katika pembe. Soseti yenye tundu iliyoshonwa kwa fundo kubwa haifai tena kwa kazi.

Kila mutu avae soseti zake. Kuvu ya miguu inahama kwa soseti, kwa viatu na kwa sakafu ya mahali pa kuoga. Kuvu hiyo inapenda katikati ya vidole vya wale wanaovaa mabuti siku nzima. Hata katika miaka ya 1980 watafiti waliikuta kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Nigeria. Kama ngozi kati ya vidole ni nyeupe, inapasuka, inawasha na kunuka, hilo si lengelenge. Soseti za vidole zitapunguza unyevu, lakini haziponyi kuvu. Nenda upate dawa.

Waangalieni watoto pia. Viatu vya shule vya mwaka jana vimekuwa vidogo, na mutoto ataogopa kusema.

KAMA LENGELENGE LIMEKWISHA TOKEA

Kama ni dogo na halijapasuka, liache. Ngozi ile ya juu ndiyo bandeji nzuri kuliko zote. Lifunike kwa kitambaa safi. Chini yake mwili unatengeneza ngozi mupya kwa siku chache.

Kama ni kubwa na linauma, usilitoboe kwa musumari, mwiba wala wembe. Nenda dispensari. Munganga atalitoboa pembeni kwa sindano safi, atatoa maji, na ngozi ya juu ataiacha mahali pake.

Kama limepasuka lenyewe, osha mikono, osha kidonda kwa sabuni na maji safi, kifunike, na ubadilishe kitambaa kila siku. Usipake udongo, majivu wala mafuta ya mashini. Muulize munganga pia kama chanjo yako ya pepopunda haijapita wakati.

Usingoje kesho ukiona moja ya haya: usaha, wekundu unaoenea, au kwa ngozi nyeusi sana, mahali panapokuwa na rangi ya giza, moto na uvimbe, mustari unaopanda muguuni, mitoki inayouma kwenye kinena, homa au kutetemeka. Hizo ni dalili kwamba vijidudu vinasafiri.

Na wewe mwenye ugonjwa wa sukari, au uliyewahi kuugua ukoma, kila lengelenge ni jambo la munganga, hata kama haliumi. Juu ya yote kama haliumi. Muguu usiosikia maumivu hauna mulinzi. Angalia nyayo zako kila jioni, au umuombe mutu wa nyumbani akuangalilie.

MUKUMBUKE

Soseti za vidole ni dawa ya katikati ya vidole. Hazirekebishi buti lisilo la kipimo chako, wala hazikaushi muguu unaokaa katika maji saa nane. Kwanza ujue lengelenge linatokea wapi, halafu ndipo uchague dawa.

Na kama limekwisha tokea, usiwe kama papa yule aliyekuja siku ya nne. Munganga hatakucheka. Anapenda kukuona siku ya kwanza ukiingia kwa miguu yako mwenyewe, kuliko siku ya nane ukiletwa na wenzako.